Kiuno cha Suruali ya Yusufu

Kila siku ilikuwa hivyo hivyo. Chadia anarudi shuleni, anavua shati jeupe na sketi ya buluu, anakula bukari, yaani ugali, iliyobaki mchana, kisha anawasha mbabula, lile jiko la makaa, uani apashe maji ya kumwogesha mdogo wake. Mama yao, Mama Alima, aliuza maharage sokoni na hakurudi kabla ya jua kuzama. Baba yao, Baba Rachid, alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa barazani, na saa yoyote ungemkuta ameinama juu yake, kamba ya kupimia, aliyoiita meta, ikining'inia shingoni. Kwa hiyo Yusufu, mwenye miaka mitatu na nusu, alikuwa mtoto wa Chadia kuanzia mchana hadi magharibi.

Na alikuwa mtoto wa kupendeka, usiseme. Akishaingia kwenye beseni, beseni lile linageuka njia panda kubwa ya Lubumbashi na yeye anakuwa polisi wa barabarani. Anainua mkono mmoja kusimamisha malori, anapungia teksi zipite, na sabuni ikimwingia machoni hakubali kulia mpaka magari yote yavuke. Mtaa mzima wa Bel-Air ulimjua kwa vitu viwili: ule upolisi wake na tumbo lake. Lilikuwa tumbo la duara, la mbele, ambalo jirani yao Mama Ntumba alipenda kulipiga kidole akipita.

Siku moja ya mwezi wa tano, Chadia alikuwa akimpaka sabuni ubavuni, upande wa kushoto chini ya mbavu, mkono wake ukagonga kitu. Akaurudisha taratibu. Kilikuwa kigumu na cha mviringo, kama kiazi kitamu kilichofichwa chini ya ngozi. Akapapasa upande wa kulia, hakuna. Akarudi kushoto, kipo.

"Yusufu, hapa inauma?"

"Hapana, Yaya. Unanitekenya," akasema Yusufu, ambaye alimwita dada yake Yaya, akacheka na kumrushia maji.

Haikumuuma hata kidogo. Lakini Chadia aliacha kumpaka sabuni, kwa sababu alijua kile kitu kilikotoka, au alidhani anajua.

Wiki moja nyuma, Benita, binti wa Mama Ntumba, alikuja kumwita wakacheze nzango, ule mchezo wa wasichana wa kuimba na kurushiana miguu. Mama Alima alikuwa amesema mara mia kwamba mtoto haachwi peke yake. Chadia akamkalisha Yusufu juu ya rundo la matofali, akampa kitumbua, akaenda kucheza. Raha ya nzango unaijua: ukishaanza hutazami nyuma. Aliposikia kilio na kugeuka, Yusufu alikuwa chini, ubavu wake juu ya tofali. Alilia mpaka sauti ikakauka. Chadia alimbeba, akampangusa vumbi, akamnunulia kipande cha muwa, na Yusufu akanyamaza.

"Benita, usiseme kwetu," alimwomba rafiki yake.

"Miye siwezi kusema," Benita akajibu, na kweli hakusema.

Sasa ubavu umevimba. Nimemvunja mtoto wa watu, Chadia alijiambia, na siku wakijua, Baba hatanitazama tena.

Watu wetu wana dawa moja kwa kila uvimbe, nayo ni kukanda. Mguu ukiteguka, kitambaa cha maji ya moto. Mgongo ukikaza, mafuta ya mawese na mikono yenye nguvu. Chadia alikuwa ameona shangazi zake wakikanda tangu utoto wake, na haikumpitia akilini kwamba kuna uvimbe usiotakiwa kuguswa. Kuanzia siku ile, baada ya kuoga, alimwingiza Yusufu chumbani, akafunga mlango, akachovya kitambaa, akapaka mawese na kukanda. Alikanda kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, na kwa ujinga wote. Usimcheke. Nani kati yetu hajaficha kitu chini ya kitanda akitumaini kwamba kitaondoka chenyewe?

Kile kitu hakikuondoka. Idi ya kuchinja ikakaribia, na Baba Rachid akawaita watoto barazani awapime nguo mpya. Alipozungusha meta kwenye kiuno cha Yusufu, alitabasamu akamwita mkewe.

"Mama Alima, kuya uone. Mwezi wa pili nilimushonea kiuno ya hamusini na mbili. Leo iko hamusini na sita. Mutoto anashiba."

"Ni maharage yangu hiyo," Mama Alima akajibu kwa majivuno.

Mama Ntumba, aliyekuwa amekuja kuchukua gauni lake, akawatania kwa kwao Maniema, na kwamba wanalea mbunge. "Mweye bantu ya Maniema, mutatuletea deputé humu mu mutaa. Mwangalie vile anatembea na tumbo yake."

Wakacheka wote. Baba Rachid akaendelea kupima, na penseli mdomoni akasema kwa utani, "Lakini mapaja njo yale yale. Mikono njo ile ile. Tumbo tu njo inakula peke yake." Akaandika vipimo katika daftari lake. Suruali ya zamani akaifumua kiuno, akaongeza kipande cha kitambaa, akamvika mtoto. Fundi yule aliweza kuona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara, lakini siku ile meta ilimwambia ukweli na yeye akausikia kama sifa.

Chadia alikuwa amesimama pale na sinia la chai. Maneno yalikuwa yamemfika kooni. Baba akainua macho.

"Nini, Chadia?"

"Hakuna kintu, Baba."

Idi ikapita. Yusufu alivaa suruali yake mpya siku tatu tu, kisha kiuno kikambana tena. Homa ikaanza, leo ipo, kesho haipo. Mama Alima akampa dawa ya malaria. Yusufu akaanza kuacha chakula, akapewa dawa ya minyoo, maana Mama Ntumba aliapa kwamba tumbo kubwa la mtoto ni minyoo tu. Baba akafumua kiuno cha ile suruali ya zamani mara ya pili, akaongeza kipande kingine, na safari hii hakucheka. Kila mmoja aliona kipande chake cha jambo. Aliyemvua nguo na kumgusa kila siku alikuwa mmoja, naye alikuwa amefunga mlango.

Chadia alikonda kuliko mgonjwa. Kiazi kile sasa kilikuwa kimefika karibu na kitovu. Shuleni mwalimu alisoma imla na yeye akaandika sentensi mbili, nyingine akaziacha. Usiku alilala karibu na Yusufu akisikiliza pumzi yake, akiomba Mungu ampe yeye huo uvimbe. Kila asubuhi alisema leo nitasema. Kila jioni aliona siku zilizopita zimekuwa nyingi mno, na kwamba sasa ataulizwa makosa mawili: la kumwangusha, na la kunyamaza. Hivyo ndivyo uongo unavyokua, ukiuacha wiki moja unakuwa mzito wa kutobebeka.

Mwisho wa mwezi wa sita, Yusufu alikojoa kwenye kopo na mkojo ukawa mwekundu kama chai iliyokolea. Hakulalamika. Aliutazama tu, akasema, "Yaya, nimekojoa chai." Chadia aliumwaga uani, akaufunika kwa mchanga kwa mguu wake. Kesho yake mkojo ulikuwa safi, naye akashukuru Mungu. Siku ya tatu ukawa mwekundu tena. Jioni hiyo akakanda kwa nguvu kuliko siku zote, na Yusufu, ambaye hakuwahi kuzuia mkono wake, akapiga ukelele.

"Yaya, acha. Acha, Yaya."

Jasho likamtoka, midomo ikapauka. Chadia akafungua mlango na kukimbilia barazani. Hakuweza kusema zaidi ya, "Baba, Yusufu." Baba Rachid aliacha kitambaa chini ya sindano, akambeba mtoto, wakampitia Mama Alima sokoni na kwenda hospitali wote.

Daktari aliyewapokea aliitwa Christiane, mama mmoja mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alimvua Yusufu shati, akalitazama tumbo kwa muda mrefu bila kuligusa. Kisha akaweka kiganja juu yake kwa wepesi sana, akakiondoa. Akampima shinikizo la damu kwa kitambaa kidogo cha mkononi, akapima mara ya pili, akatikisa kichwa.

"Tumbo hii ilianza lini?" akauliza.

"Ni tumbo ya kushiba, Dokta," alisema Mama Alima. "Njo vile iko toka zamani."

"Muliona damu mu mukojo?"

"Hapana."

"Alianguka? Kuna muntu alimukanda tumbo, ao kumufinya?"

"Hapana, Dokta," alisema Baba Rachid. "Hakuna muntu alimugusa."

Daktari hakuandika. Alivua miwani. "Musikilize muzuri. Iko kitu mu hii tumbo, na ninafikiri damu inavuja ndani. Kama ilikandwa ao ilipigwa, ni lazima nijue leo, haiko kesho. Juu vile tutamutunza mutoto inafuata ile majibu."

Chadia alikuwa amesimama karibu na mlango, kandambili za Yusufu mkononi. Hakuna aliyemtazama. Angeweza kunyamaza, na majibu ya baba yake yangeandikwa pale, na daktari angeyaamini. Akamwona Yusufu juu ya kitanda, macho nusu yamefumba, mkono wake mmoja ukiinuka kidogo na kuanguka, kama polisi aliyechoka.

"Ni miye," akasema.

Sauti ilikuwa ndogo, lakini chumba kizima kiliisikia. Akasema yote: matofali, nzango, kiazi, kitambaa cha moto, mawese, mkojo alioufunika kwa mchanga.

"Ulikuwa unakanda mara ngapi?" daktari akauliza.

"Kila mangaribi. Wiki sita."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu. Nilitaka iishe."

Mama Alima alikaa chini sakafuni, kitambaa chake cha kichwa kikamdondoka na hakukiokota. Baba Rachid alishika meta iliyokuwa bado shingoni mwake, akawa anaitazama namba kwa namba. Hakuna aliyemgombeza Chadia. Angependa wamgombeze.

Daktari aliandika karatasi kwa herufi kubwa, akaibandika juu ya kitanda: USIGUSE TUMBO LA MTOTO HUYU. Yusufu akapelekwa kwenye ekografi, ile mashine inayoonyesha ndani ya mwili. Waliporudi, Daktari Christiane aliwakalisha wote watatu, Chadia naye.

"Ni figo ya kushoto," alisema. "Imeota uvimbe. Ni kansa, ile ya batoto badogo. Inapenda miaka mitatu, mine, kama yake. Na iko na ujanja, juu mutoto haonekane mugonjwa. Anacheza, anakula, haumwi. Tumbo tu njo inakuwa, mara mingi upande moja. Mwenye kuiona wa kwanza haiko munganga, ni ule anamuosha mutoto ao kumuvalisha. Kisha wamoja banapata homa, bengine damu mu mukojo, ao shinikizo ya damu inapanda. Yeye alipata yote."

"Ni juu alianguka?" Chadia aliuliza.

"Hapana, mutoto yangu. Kuanguka hakuleti kansa. Ile siku ya matofali, uvimbe ulikuwa ndani tayari. Haikufanya weye, haikufanya chakula ya mama, wala muntu hakumuroga."

Chadia alishusha pumzi aliyokuwa ameibana wiki sita. Lakini daktari hakuwa amemaliza.

"Sitakudanganya. Kuanguka siyo kosa yako kubwa. Kukanda kumetoboa uvimbe, damu imemwagika mu tumbo, na mbegu za ugonjwa zinaweza kuwa zimemwagika pamoja. Na wiki sita zimepotea. Dawa itakuwa kali zaidi. Tutajaribu."

Neno lile, tutajaribu, likamkaa Chadia kichwani siku zote zilizofuata.

Yakaanza majuma ambayo Chadia, hata akizeeka, hatayasahau. Dawa iliingia kwa mshipa ili uvimbe usinyae kabla ya kukatwa. Yusufu alitapika mpaka hakuna cha kutapika. Nywele zikabaki juu ya mto. Hakusimamisha tena gari lolote. Mama Alima aliacha soko, akalala chini ya kitanda. Baba Rachid alikuja na kuondoka, na alipopita karibu na Chadia alisema tu "chukua hii" au "peleka ile". Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi Chadia aliufanya bila kujua ameandika nini.

Kitanda cha pili kilikuwa cha Élie, mtoto wa miaka minne kutoka Kilwa, mji wa ziwani ulio mbali kaskazini mwa Lubumbashi. Mama yake, aliyeitwa Mwape, alikuwa amesafiri naye siku nne juu ya lori. "Niliona tumbo, nikasema ni bandama," alimwambia Mama Alima. "Bakanikandia mutoto miezi mitatu." Uvimbe wa Élie ulikuwa umeshafika kwenye mapafu. Asubuhi moja Chadia alileta uji, akakuta kile kitanda kimevuliwa shuka, na Mama Mwape anafunga kitenge kiunoni, taratibu, kama mtu asiye na haraka tena. Chadia aliweka uji chini, akaenda nyuma ya jengo penye kamba za kuanikia nguo, akalia peke yake. Aliona wazi kwamba kitanda kinachofuata ni cha Yusufu, na kwamba ni mikono yake mwenyewe iliyokitandika.

Katikati ya mwezi wa nane wakampasua. Walisubiri tangu asubuhi hadi alasiri. Daktari Christiane alitoka na kofia bado kichwani.

"Figo ya kushoto imetoka na uvimbe wake," alisema. "Ile ya kulia iko muzima, na muntu anaweza kuishi na figo moja. Juu ilikuwa imetoboka, ataendelea na dawa miezi mingi. Hatuseme amepona. Tukimupima miaka mbili bila kuona kitu, njo tutasema."

Kisha akamgeukia Chadia. "Ile mangaribi ungenyamaza, ningeanza na dawa ndogo, na leo singekuwa na kitu cha kukuambia. Ulichelewa, lakini ulisema."

Mwezi wa tisa, joto lilipoanza kupanda, Yusufu alirudishwa nyumbani kati ya dawa moja na nyingine. Alikuwa na upara, miguu kama vijiti, na mshono mrefu tumboni. Siku hiyo Baba Rachid alikuwa barazani akifumua ile suruali ya zamani ya Yusufu. Alitoa vipande vyote viwili alivyoongeza, akarudisha kiuno mahali pake pa zamani. Bila kuinua kichwa akaita.

"Chadia. Kuya hapa."

Akaja, akasimama mikono nyuma.

"Ile siku ya matofali, ungeniambia, ningekukaripia," alisema baba. "Pengine ningekuchapa. Ungelia, ungelala, na kesho yake yangekuwa yamekwisha. Tungemupeleka mutoto kuangaliwa ubavu, na bangeuona uvimbe ungali mudogo. Kosa ya kucheza ni ya siku moja. Ile ya kuficha njo imekula figo ya mudogo yako, na hatujue kama imeshiba."

Machozi ya Chadia yalikuwa yakidondoka kwenye sakafu.

"Na miye," baba akaendelea, "nilikuwa na meta mu mukono. Nilipima mara tatu. Nilisema kwa kinywa yangu mwenyewe kama tumbo inakula peke yake, na nikacheka. Tena nilikuwa baba mwenye mutoto wake anaogopa kumuambia. Bazee banasema mficha maradhi kifo humuumbua. Humu mu nyumba, kuanzia leo, kama uko na kitu, unakuya kusema, hata kama ni mubaya, hata kama ni weye ulifanya. Nitakaripia, ndiyo. Kukaripiwa kunapita."

Alivua ile meta shingoni, akampa. "Utamupima kila Jumanne. Utaniletea namba."

Jioni ile Chadia alipasha maji juu ya mbabula, akamvua Yusufu nguo uani, mlango wazi. Alimwogesha kwa kiganja chepesi, akiuzunguka mshono bila kuubonyeza. Yusufu aliacha mikono yake majini. Halafu akaona kipele kidogo mgongoni mwa mkono wake, labda cha mbu, akamwonyesha.

"Yaya, ni nini?"

Kilikuwa kipele tu. Chadia alikitazama, akakifuta maji, akageuza uso kuelekea jikoni.

"Mama," akaita, "kuya uone."